Arosto hupita, hamu hubaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye wiki iliyopita alilalamika kwamba serikali inawapa mateja starehe ya bure kila asubuhi kwa kuwanywesha methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga (heroini), na kwamba kijana aliyeuchagua unga kwa kuupenda aachwe apate adabu ya kuupenda kwake. Simlaumu kwa hasira yake. Mtaa ulioibiwa mita za maji, nyaya na sufuria zilizoanikwa nje una haki ya kuchoka. Lakini neno moja katika barua yake, neno "kuupenda", ndilo lililonikalisha chini kuandika, kwa sababu nililitumia mimi mwenyewe kwa miaka mingi nikiwa nimevaa sare ya uuguzi, na nililitumia vibaya.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Dar es Salaam. Nilifanya kazi wodini kwa miaka 32, sehemu kubwa katika wodi ya wazazi. Mtoto wa kaka yangu, niliyemlea kama niliyemzaa, alianza kuvuta unga akiwa na umri wa miaka 19 na akafariki akiwa na miaka 27. Jioni moja, kama miaka miwili kabla ya kifo chake, nilimuuliza swali ambalo kila mzazi wa mraibu huliuliza: unapata nini humo? Akanijibu, "Shangazi, sipati kitu. Raha iliisha zamani. Sasa hivi navuta ili niweze kusimama." Sikumwamini. Niliona ni maneno ya mtu anayetafuta huruma ili apewe hela. Ni baada ya kustaafu, nilipopata wakati wa kusoma, ndipo nilipotambua kwamba kijana yule alikuwa amenieleza kwa sentensi tatu jambo ambalo wanasayansi wa ubongo walichukua zaidi ya miaka 30 kulifikia.

Mwaka 1954, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Kanada, James Olds na Peter Milner walipandikiza waya mwembamba katika ubongo wa panya, wakikusudia kuchunguza sehemu inayohusika na kuamka na kujifunza. Waya ukakosea njia na kutua mahali pengine. Kila panya alipofika kwenye kona fulani ya meza walimpitishia umeme kidogo, naye akawa anairudia kona ile tena na tena kama mtu aliyesahau kitu pale. Baadaye walimwekea kidude cha kubonyeza ili ajipatie umeme mwenyewe, na katika majaribio yaliyofuata kuna panya waliokibonyeza maelfu ya mara kwa saa moja, hata wakiwa na njaa na chakula kipo karibu nao. Sehemu zile za ubongo zikapewa jina la vituo vya raha, na jina hilo likasambaa duniani kote. Dopamini, kemikali ambayo Arvid Carlsson wa Uswidi alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba ni mjumbe wa ubongo kwa haki yake, nayo ikaja kuitwa kemikali ya raha. Mpaka leo wapo wanaoiita hivyo redioni.

Hebu tuangalie kwanza mahali penyewe. Chini katikati ya ubongo kuna fungu dogo la seli za neva zinazotengeneza dopamini. Ubongo mzima wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na hizi zinazotengeneza dopamini hazifiki milioni moja. Ila nyuzi zake hufika mbali: nyingi huenda kwenye kiini kiitwacho nyukliasi akambensi, na nyingine huendelea hadi gamba la mbele la ubongo, nyuma ya paji la uso, ambako mtu hupima mambo na kujizuia. Njia hii ni ya kale mno katika viumbe, na panya anayo kama tulivyo nayo sisi. Haikuumbwa kwa ajili ya unga. Iliumbwa ili kiumbe atoke alipo aende kutafuta chakula, maji na mwenza.

Swali lililobaki miaka yote hiyo lilikuwa moja tu: panya yule aliyekuwa akibonyeza, je, alikuwa anafurahi? Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kent Berridge na Terry Robinson wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walifanya jaribio ambalo naomba msomaji mwenzangu alitafakari kwa makini. Waliangamiza karibu dopamini yote katika ubongo wa panya. Panya hao wakaacha kula kabisa, na wangekufa kwa njaa kando ya chakula kama wasingelishwa kwa mkono. Iwapo dopamini ndiyo raha yenyewe, basi sukari nayo ilipaswa kuwa kama majivu kwao. Lakini walipotiwa maji ya sukari mdomoni, walilamba midomo yao sawasawa na panya wazima.

Alama hiyo ya kulamba midomo naifahamu vizuri kwa macho yangu. Mtoto mchanga wa siku moja akipakwa tende kaakaani, kama tunavyofanya sisi Waislamu, huchezesha ulimi na kulamba midomo, na uso wake hutulia. Akionjeshwa kitu kichungu hukunja uso na kufungua kinywa kana kwamba anataka kukitema. Hajafundishwa na mtu. Panya na nyani wana alama zinazofanana na hizo, na kwa alama hizo watafiti waliweza kuuliza ubongo maswali mawili tofauti badala ya moja: unakitaka? na, ukikipata, unakifurahia? Majibu yakaja tofauti. Kwa panya wasio na dopamini utamu ulibaki na hamu ikatoweka. Katika jaribio jingine la mwaka 1991, panya waliochochewa ubongo kwa umeme walikula kwa pupa kubwa, lakini nyuso zao hazikuonyesha kwamba chakula kimewazidia utamu. Hapo hamu ilipanda bila utamu kupanda pamoja nayo. Kumbe kile kilichoitwa kituo cha raha ni, kwa sehemu yake kubwa, kituo cha kutaka. Raha yenyewe ya kitu kilichomo mdomoni hutengenezwa zaidi na kemikali za jamii ya afyuni ambazo ubongo hujitengenezea, katika vijisehemu vidogo sana vya ubongo huo huo.

Wala jambo hili halipaswi kutushangaza sisi wenye Kiswahili, kwa kuwa maneno hayo tunayo siku zote na tumeyaweka mbalimbali. Kuna utamu, kuna hamu, na kuna uchu, ambao ni hamu iliyovuka mpaka, na sijawahi kumsikia mtu mzima akisema kwamba mwenye uchu ndiye anayefaidi zaidi. Wahenga waliposema mchovya asali hachovyi mara moja walizungumzia mkono unaorudi kwenye mzinga. Hawakudai kwamba asali iliendelea kuwa tamu kama siku ya kwanza.

Jambo la pili ambalo ningetaka tulielewe ni ishara. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akifanya kazi huko Fribourg, Uswisi, alisikiliza seli za dopamini za nyani moja moja. Nyani akidondoshewa juisi bila kutarajia, seli zilichachamaa. Alipozoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli hazikuchachamaa tena kwa juisi bali kwa taa. Na taa ikiwaka kisha juisi isije, seli zilinyamaza chini ya kiwango chake cha kawaida, sekunde ile ile ambayo juisi ilipaswa kufika. Anayefunga Ramadhani analijua hili bila maabara. Saa kumi na moja jioni harufu ya kaimati inapotoka jikoni kwa jirani, mate hujaa mdomoni na moyo hugeuka kuelekea upande ule, wakati hata kaimati moja haijaguswa. Hamu imeamshwa na ishara. Hakuna kosa lolote katika hamu hiyo. Ndiyo inayowatoa wavuvi kitandani alfajiri.

Na hamu ya chakula ina wa kuituliza. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, na tumbo tupu hutoa ghrelini, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999. Ya kwanza huupunguzia ubongo thamani ya chakula, ya pili huiongeza. Ndiyo maana sahani ile ile ya pilau huita kabla ya magharibi na kukinaisha baada ya isha. Si kinga kamili, kwa maana vyakula vya kisasa vilivyojazwa sukari, chumvi na mafuta kwa pamoja huweza kuisukuma hamu mbele ya shibe, na wagonjwa wetu wengi wa kisukari wanajua ninachokisema. Hata hivyo shibe ipo. Unga hauna shibe ya namna hiyo.

Heroini inayovutwa hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde chache tu, na humo hugeuka mofini, ambayo ni ya jamii ya afyuni. Nimesema mwili hujitengenezea kemikali zake za jamii ya afyuni. Za kwanza zilitambuliwa mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, Scotland. Mwili huzitoa kwa kipimo, mahali na saa inayofaa. Heroini huja kama mafuriko, na hufika kwenye vipokezi vile vile, yaani sehemu za seli zinazozipokea kemikali hizo. Tena kuna seli ambazo kazi yake ni kuzizuia seli za dopamini, mithili ya breki za gari. Afyuni huzilegeza breki hizo na dopamini humwagika pasipo kiasi. Ubongo, ambao kazi yake ni kujifunza kipi kina faida, huandika somo moja kwa herufi kubwa: hiki ni kikuu kuliko chakula, kikumbuke, na ukumbuke kila kilichokuwa karibu nacho. Rafiki aliyekuwepo, uchochoro, saa ya jioni, mlio wa kiberiti, vyote huwa taa ya Schultz.

Kisha siku zinakwenda. Vipokezi hupunguza usikivu wake, kiasi kilichotosha jana hakitoshi leo, na utamu huteremka wiki hata wiki. Hamu haiteremki pamoja nao. Mwaka 1993 Robinson na Berridge walipendekeza kwamba hiki ndicho kiini cha uraibu: mfumo wa kutaka huzidi kuwa mwepesi wa kuwaka, huku mfumo wa kufurahia ukibaki pale pale au ukipungua. Mtu anaweza kukitaka kwa nguvu zake zote kitu ambacho hakimpi chochote, na akajua kwamba hakimpi chochote. Navuta ili niweze kusimama. Mhariri, ningeyaelewa maneno hayo siku ile, nisingemjibu kama nilivyomjibu.

Nije sasa kwenye kosa ambalo naona familia zetu za pwani, kuanzia Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam hadi Unguja na Mombasa, hulifanya kwa nia njema kabisa, na ambalo msomaji mwenzangu amelirudia anaposema kwamba wafungiwe tu mpaka hamu iwatoke. Kinachotoka kwa kufungiwa ni arosto, yaani maumivu ya mwili uliozoea unga ukiukosa. Arosto ni mateso ya kweli, nami nimeyahudumia: miayo isiyoisha, kamasi na machozi, jasho la baridi, vipele vya baridi mwili mzima, kutapika, kuharisha, na maumivu ya mifupa ambayo mgonjwa huyaeleza kama kwamba kuna mtu anaikata kwa msumeno. Inatokana na seli zilizokuwa zimegandamizwa na unga kwa miezi au miaka, ambazo ghafla zinaachiwa na kufanya kazi kwa fujo. Kwa heroini, makali yake hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na baada ya kama wiki moja sehemu kubwa huwa imepita. Mgonjwa anakula, analala, anacheka. Familia inashukuru Mungu na kusema amepona.

Kumbe hamu haijaondoka. Imekaa kimya ikingoja ishara. Katika majaribio ya panya imeonekana kwamba hamu inayoamshwa na vikumbusho vya dawa huweza hata kuongezeka katika wiki za mwanzo za kujizuia, badala ya kufifia kama tunavyodhani. Hili lilinipa jibu la jambo nililoliona jikoni kwangu. Kijana wetu, akiwa na miezi mitatu bila unga, alikuwa akinisaidia kukuna nazi, nami nikawasha jiko la mafuta ya taa kwa kiberiti. Mkono wake ulisimama juu ya mbuzi. Hakusema neno, na baada ya dakika moja akaendelea kukuna, lakini uso wake ulikuwa umelowa jasho. Nilidhani ni joto la jikoni.

Mahali, kwa hiyo, si jambo dogo. Mwaka 1971 serikali ya Marekani iliogopa sana ilipobainika kwamba wanajeshi wake wengi huko Vietnam walikuwa wakitumia heroini. Mtafiti Lee Robins wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis alipewa kazi ya kuwafuatilia waliporudi nyumbani. Karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa amekuwa mraibu kule vitani. Kati ya waliokuwa waraibu, ni asilimia 5 tu waliorudi kwenye uraibu katika miezi 10 ya kwanza baada ya kurejea, na asilimia 12 katika miaka mitatu. Matokeo hayo yalipingwa sana wakati ule, kwa kuwa watu walizoea kuona waraibu wanaotibiwa katika miji yao wakirudia kwa wingi. Sababu si moja: kule heroini ilikuwa safi na rahisi, nyumbani ilikuwa ghali na ya kutafutwa, kule kulikuwa na vita, nyumbani kulikuwa na mke, mama na kazi. Lakini zingatia pia kwamba askari yule alipopanda ndege aliziacha nyuma ishara karibu zote. Kijana wa Dar es Salaam anayetoka kupata nafuu anarudishwa katikati ya ishara zake zote, siku moja, kwa furaha na vifijo.

Ndivyo tulivyofanya sisi. Kijana wetu alikaa miezi saba katika nyumba moja ya kupata nafuu. Alirudi amenenepa, anaswali, anataka kuanza kuuza matunda. Tulipika, tukasoma dua, tukamrudisha kwenye chumba chake kile kile ambacho dirisha lake linatazama maskani, kijiwe alikoanzia kuvuta. Hakuna aliyetuambia, na mimi niliyepaswa kujua sikufikiri, kwamba miezi ile saba ilikuwa imemwondolea mwili wake uzoevu wote. Kiasi ambacho zamani kilimwezesha tu kusimama, sasa kilikuwa kiasi cha kumsimamisha pumzi. Siku ya 11 tulimkuta asubuhi. Hatukuwa na naloksoni nyumbani, dawa ambayo huiondoa afyuni kwenye vipokezi na kumrudishia mtu pumzi ndani ya dakika chache ikiwahi. Lakini hata tungekuwa nayo, saa zilikuwa zimekwisha kupita. Siwezi kukubali kuambiwa kwamba alikufa kwa kuupenda unga kuliko alivyotupenda sisi.

Nirudi kwenye methadoni, maana hapo ndipo hoja ya msomaji mwenzangu ina uzito fulani ambao sitaki kuuruka. Anasema ni kubadilisha dawa moja kwa nyingine. Ni kweli kwamba methadoni ni jamii ya afyuni, kwamba mwili wa anayeitumia huitegemea, na kwamba ikitumiwa vibaya huua. Tofauti iko kwenye mwendo. Vincent Dole na Marie Nyswander, waliouanzisha utaratibu huu mjini New York katikati ya miaka ya 1960, walitaka kitu kinachokwenda taratibu. Methadoni ya kunywa hupanda polepole kwa saa kadhaa na hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kiasi kwamba dozi moja hufikisha mtu kesho yake. Hakuna mafuriko, kwa hiyo hakuna somo jipya la kuandikwa ubongoni. Arosto haimfuati, na vipokezi vikiwa vimejaa, hata akivuta unga juu yake hapati kile alichokuwa akikitafuta. Siku inampa nafasi ya kufanya kazi, ya kula, ya kukaa na watoto wake. Kwa wanaojidunga, inampunguzia pia haja ya kushirikiana sindano, na pamoja nayo hatari ya virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, ikatangulia katika nchi za bara kusini mwa Sahara kuiendesha kama huduma ya umma, na Kenya ilifuata mwishoni mwa mwaka 2014 kuanzia Hospitali ya Mathari jijini Nairobi.

Kazi hiyo inataka uangalizi wa kweli. Nitoe mfano mmoja ambao wauguzi wenzangu wataufahamu: mteja akianzishwa dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, ini lake huanza kuivunja methadoni upesi, na dozi iliyomtosha mwezi uliopita inamwacha na arosto saa nane za usiku. Asipopimwa upya na kuongezewa dozi, atarudi kwenye unga, na mtaani tutasema tuliwaambia. Kituo kinachomwuliza mteja maswali kinaokoa kuliko kile kinachomimina tu kikombe.

Je, ninasema mraibu hana lawama? Sisemi hivyo. Kijana wetu alivuta mara ya kwanza kwa hiari yake, pale pale maskani, na wenzake wengine walioonja siku ile hawakufika alikofika yeye. Aliyeng'oa mita ya jirani ajibu kwa kung'oa mita. Ninachokataa ni kuijenga tiba juu ya dhana kwamba anastarehe, kwa sababu ukiamini anastarehe utamwongezea uchungu ili starehe ipungue, na hapo hakuna starehe ya kupunguzwa. Gamba la mbele la ubongo, lile linalopima kesho dhidi ya sasa, linahitaji usingizi, chakula, utulivu na muda mrefu ili lipate tena nguvu ya kuishika hatamu hamu. Kipigo na aibu havina hata kimoja katika hivyo.

Nami nina hofu kwamba tunapoendelea kubishana juu ya mateja, ubongo ule ule unaguswa mikononi mwa vijana ambao hawajawahi kuona kete ya unga. Madaktari wa ugonjwa wa Parkinson, unaotetemesha mwili, wameshuhudia wagonjwa wao, watu wazima wenye heshima zao, wakianza kucheza kamari bila kujizuia baada ya kupewa baadhi ya dawa zinazoiga dopamini, na wakiiacha kamari dawa ilipopunguzwa. Seli za dopamini huchangamka sana pale matokeo yasipojulikana. Kijana anayekesha na simu akisubiri mkeka wake wa kubashiri mechi, na mkeka ukichanika kwa goli moja la dakika za nyongeza anaweka mwingine papo hapo, naye hatumwiti mraibu kwa kuwa hanuki na hasinzii barabarani. Wazazi wa mabinti na vijana hao wananielewa.

Kwako Mhariri nina maombi mawili. Gazeti lako limekuwa likichapa mara kwa mara picha ya kijana aliyeinama hadi karibu kugusa lami, na maelezo chini yake kwamba yuko katika starehe zake. Naomba maelezo ya namna hiyo yaachwe, maana mama yake hulisoma gazeti hili. La pili, mnapoandika habari za waraibu, waandikieni pia jamaa zao mambo machache ya kuokoa maisha: kwamba wiki za mwanzo baada ya kutoka nyumba ya nafuu, hospitali au jela ndizo za hatari kubwa zaidi ya kifo, kwamba ikiwezekana akakae kwa ndugu wa mtaa mwingine, kwamba anayekoroma kwa sauti nzito huku midomo ikibadilika rangi asiachwe alale, alazwe ubavu na akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Na msomaji mwenzangu, ambaye naamini ni mtu mwema aliyechoka, namkaribisha siku yoyote aende nje ya kituo cha methadoni kilicho karibu naye, asimame kando kuanzia asubuhi. Atamwona mtu akifika dirishani, akitaja jina lake, akinywa kikombe kidogo cha plastiki mbele ya muuguzi, kisha akiambiwa aseme neno lolote ili ihakikishwe kwamba amemeza. Atasema ahsante, kwa kuwa ndilo neno ambalo wengi husema, na atatoka mbio kuwahi daladala. Yote hayo hayafiki dakika mbili.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Dar es Salaam